Bei ya Sabasaba

Mwezi uliopita nilikwenda Janga kwenye mazishi ya Salumu, aliyekuwa muuzaji wa duka la kijiji pale Kibuta nilipokuwa msichana. Nilipanda gari hapa Kibaha asubuhi, na njia nzima nikawa najiuliza ninakwenda kumlilia au ninakwenda kuhakikisha kama kweli amekufa. Sikuwa na ugomvi naye, Mungu amrehemu. Ni kwamba mtu huyu, kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye doti ya kanga, nusura anifanye nikae ndani ya chumba kimoja mpaka shule inipite, na hadi anaingia kaburini sikuwahi kujua kosa lilikuwa lake, la shangazi yangu, au la ile karatasi. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, nimewagombeza kwa kushindwa kujibu maswali mepesi, na hili la kwangu mwenyewe sijalijibu. Tena pale msibani binti yake Salumu aliniambia jambo ambalo nilidhani litanifungua macho, kumbe limenizidishia giza. Nitalisema likifika zamu yake, maana nikilitanguliza nitawavuruga nanyi kama lilivyonivuruga mimi.

Mwaka huo watu walikuwa wametoka kuhamishwa mashambani na kukusanywa pamoja, na kijiji chetu kilikuwa na mambo mengi yanayokuja: zahanati inakuja, ofisi inakuja, kisima kinakuja. Duka peke yake ndilo lililokuwa limeshakuja, ila halikuwa na jengo. Ndipo Shangazi Tatu, niliyekuwa nikiishi naye, alipokiachia kijiji chumba chake cha mbele kiwe duka, na mimi nikabaki na chumba kinachofuata. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na makuti. Ukuta uliotutenga na duka uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo palikuwa wazi mpaka kwenye makuti, kwa hiyo harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche ililala nami, na kila neno lililosemwa dukani liliangukia kwenye mkeka wangu. Nilijua nani kachukua chumvi kwa mkopo na nani kamnunulia mke mdogo mafuta ya nazi. Mwanzoni nilifurahi, maana wasichana wenzangu hawakuwa na burudani ya namna hiyo.

Kisha nikavunja ungo, mwezi uleule tuliomaliza mtihani wa darasa la saba, na burudani ikageuka kuwa dunia yangu yote. Kwetu siku hizo msichana akivunja ungo huwekwa ndani, anaitwa mwali, na habari yake inakuwa mikononi mwa kungwi. Kungwi wangu alikuwa Bi Mwamvita, mwanamke mfupi, mwenye mikono ya moto, aliyekuwa akija alasiri kunifunza mambo ambayo hayaandikwi, na akimaliza kunifunza ananisengenyea kijiji kizima. Mwali haonekani na wanaume, hatoki mchana, na kubwa kuliko yote, sauti yake haisikiki. Nikihitaji kitu nilikuwa nagonga mlango kwa kidole. Nilikula vizuri, nakiri: bada, yaani ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, uji wa mchele, maboga, na kuku ambaye Shangazi alimchinja huku akimwomba radhi. Nililishwa mpaka magauni yangu ya shule yakanikataa. Lakini kuongea, hapana. Mimi niliyekuwa kiongozi wa darasa, mwenye sauti iliyokuwa ikisikika mpaka kwa jirani wa jirani, nilijifunza kunong'ona hadi nikaanza kufikiri kwa kunong'ona.

Siku ya kutoka ilikuwa na masharti yake, na sharti lililotuletea balaa lilikuwa la sare. Mwali na kungwi wake hutoka wamevaa kanga ya namna moja, watu waone kwamba huyu ndiye aliyemlea huyu. Bi Mwamvita alikuwa ameshanunua yake tangu mwezi wa saba. Sikukuu ya Sabasaba duka letu lilifanya jambo ambalo halijawahi kutokea Kibuta: lilipunguza bei ya kanga, kwa heshima ya sikukuu. Salumu alikata vipande vya boksi, akaandika kwa wino mwekundu "Bei ya Sabasaba" na tarakimu chini yake, akavibandika kwenye kila doti. Zilikuwa kanga nyekundu zenye korosho za njano pembeni. Maneno yake nimeyasahau, na hilo linanishangaza kwa jinsi kanga hiyo ilivyonitesa. Zilinunuliwa zote ikabaki doti moja. Shangazi aliiona, akaishika, akamwambia Salumu yeye atainunua korosho zikishauzwa, kwa ajili ya mwali wake atakapowekwa ndani. Salumu akaitikia kwa ule mguno wake ambao ungeweza kuwa ndiyo, ungeweza kuwa haya, ungeweza kuwa kikohozi.

Basi korosho zikauzwa, na majibu ya mtihani yakaja. Mwalimu wetu mkuu alifika na baiskeli, akakaa barazani, akamwambia Shangazi kwamba nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na kwamba nisiporipoti shule ikifunguliwa Januari, nafasi yangu atapewa mwingine. Nilikuwa nimebana sikio kwenye mlango. Moyo ulinipiga hadi nikaogopa utasikika, na nikajiuliza kama moyo nao ni sehemu ya sauti. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha uji, kisha akasema, "Nashukuru, mwalimu. Mwanangu yumo ndani. Akitoka atakuja." Mwalimu akauliza atatoka lini. Shangazi akasema, "Kanga yake ikishanunuliwa." Likaonekana jambo jepesi, kwa sababu kanga ilikuwa nyuma ya ukuta wangu, hatua chache tu, na karatasi yake ya wino mwekundu juu yake.

Asubuhi aliyokwenda kuinunua ilikuwa siku ya mgao wa sukari, na foleni ilikuwa imeshajaa mpaka nje. Nilisikia viatu vyake vya mpira vikiingia, nikasikia Salumu akisema, "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeijia kanga yangu."

"Ah. Ile imepanda, Bi Tatu. Bei mpya imeshuka kutoka wilayani."

"Imepanda au imeshuka?"

Watu wakacheka. Salumu akasema bei imepanda, barua ndiyo iliyoshuka.

"Na hiyo karatasi iliyobandikwa inasemaje?"

"Karatasi ya zamani hiyo. Nilisahau kuibandua."

"Mimi sikwenda shule, Salumu. Nisomee."

Salumu akasoma kwa sauti ya mtu anayejisomea mashtaka yake mwenyewe: bei ya Sabasaba, shilingi kadhaa. "Haya," akasema Shangazi, "nipe kwa hiyohiyo." Salumu akasema hawezi, sikukuu imepita. Shangazi akasema, kama maneno hayo yameshakufa, mbona hamjayazika, mmeyaacha yanakaa dukani yanaita watu? Hapo foleni ikagawanyika. Mwanamke mmoja akasema ni kweli, bei iliyobandikwa ni ahadi, vinginevyo kila mtu atabandika lake. Mwanamume mmoja akasema ahadi gani, karatasi ni karatasi, sogeeni tuchukue sukari. Mwingine akatoa hoja ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa napika naacha mwiko: duka hili si la Salumu, ni letu sote, kwa hiyo Bi Tatu akipunguziwa, tumepunguzwa sisi. Na Shangazi akamjibu palepale, "Kama duka ni letu sote, basi na ahadi ni yetu sote. Na wewe umo." Mimi nyuma ya ukuta nilikuwa nakubaliana na kila anayesema, mmoja baada ya mwingine, na kila nilipokubali nilihisi Januari inasogea.

Mchana alipoleta chakula nilimnong'oneza, "Shangazi, fedha ya bei mpya huna?"

"Ninayo." Tofauti yenyewe haikuzidi bei ya kilo mbili za sukari.

"Basi si ulipe tu?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini tusile mchanga. "Kula, mwali," akasema.

"Shule, Shangazi."

"Shule haikimbii."

Maneno hayo mawili yalinikosesha raha kuliko ugomvi wote wa dukani. Nilimpenda shangazi yangu, na usiku alikuwa bado akinifunika shuka kama mtoto, lakini kuanzia hapo nikaanza kumwangalia kwa wasiwasi. Labda hataki niende. Labda ameipata karatasi ile kama kisingizio. Kisha nikimwona anakwaruza sufuria ili kijiko cha mwisho kiwe changu, najilaumu, nasema hapana, huyu anapigania haki yake tu. Nikawa hivyo siku nzima, mara huku, mara kule, na hakuna wa kumwuliza.

Ugomvi ulirudi kila siku ya sukari, mpaka mwenyekiti wa kijiji akaitwa aamue. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda kusema kila jambo lina pande mbili, na siku hiyo alizisema pande zote mbili kwa urefu ambao ungetosha kupikia maharage. Ndugu Salumu ana haki kwa sababu bei hupangwa juu, siyo hapa. Bi Tatu naye ana haki kwa sababu mwananchi hawezi kuambiwa asiamini anachoandikiwa na kijiji chake mwenyewe. Akikataza karatasi isifuatwe, watu hawataamini tena karatasi. Akiruhusu ifuatwe, bei ya wilayani itakuwa na kazi gani? Kisha akarudi tena kwenye upande wa kwanza, na nikapata hakika kwamba hajui, na kwamba hakuna mtu mzima yeyote mle dukani aliyekuwa anajua. Hilo lilinitisha. Nilikuwa nimeamini kwamba watu wazima wana mahali wanapoyaweka majibu.

Ndipo Salumu, sijui kwa kuchoka au kwa utani, akasema, "Basi mimi nitaifuata karatasi neno kwa neno. Imeandikwa bei ya Sabasaba. Bi Tatu, njoo Sabasaba, nitakuuzia kwa bei hiyo. Kuna mwenye neno?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Shangazi hakucheka.

"Utaniwekea?"

"Nitakuwekea."

"Pamoja na karatasi yake?"

"Pamoja na karatasi yake."

"Haya," akasema Shangazi, na alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, wala hakuwa mtu wa kupayuka. "Mwali wangu atangoja Sabasaba!"

Sijui kilichonipata. Nakumbuka nimesimama, nakumbuka viganja vyangu viko kwenye ukuta na udongo unadondoka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwali wala ya msichana; ilikuwa ile ya kiongozi wa darasa anapoita wenzake mstarini. "Shangazi! Shule inafunguliwa Januari!"

Dukani palinyamaza hadi nikasikia sukari ikimwagika kwenye mzani. Kisha mtu fulani akasema taratibu, "Ni mwali huyo?" Nilikaa kwenye mkeka, nikajifunika kanga yangu kuukuu hadi kichwani, nikatamani ukuta uangukie upande wangu.

Bi Mwamvita alifika kabla ya adhuhuri, amekuja mbio, jasho linamtoka. Alikuwa na haki ya kunichapa na nilikuwa nimeshajiandaa. Badala yake alikaa chini, akamhoji Shangazi kama polisi. Nani kasikia? Wote. Na wanaume? Na wanaume. Mpaka mwenyekiti? Mpaka mwenyekiti. Bi Mwamvita akajipiga paja. "Sasa huyu ni mwali gani tena, aliyesikika na duka zima? Sauti yake imeshatoka. Kilichobaki ni kuufuatisha mwili." Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa doti yake aliyoinunua Sabasaba, bado haijakatwa, vipande viwili vimeshikana kama ilivyotoka kiwandani. Akaing'ata katikati kwa meno, akaichana. Kipande kimoja akakitupa mapajani mwangu, kimoja akakirudisha kikapuni. "Sare hiyo," akasema.

Nilishangaa mno. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo? Kumbe siku zote hizo, mwenyekiti na wilaya na foleni nzima, dawa ilikuwa kwenye meno ya Bi Mwamvita? Nilimtazama Shangazi nikitegemea afurahi, na yeye alikuwa analia. "Kipande kimoja," alisema. "Mwanangu atatoka na kipande kimoja." Mwali hutakiwa atoke na doti kamili, aliyonunuliwa na mtu wake. Nilitolewa kabla Januari haijafika, ngoma ikapigwa, nikala wali, Bi Mwamvita akacheza hadi kilemba kikamvuka. Shangazi alinipeleka mpaka Kisarawe kupanda gari la shule, akanibebea sanduku kichwani, na njia nzima hakusema neno moja juu ya kanga. Hasira aliyokuwa nayo, kama ilikuwa hasira, sikujua anamkasirikia nani.

Sasa lile jambo la msibani. Tulikuwa tumekaa na wanawake, tunachambua mchele, binti mkubwa wa Salumu akanisogelea. "Shikamoo, mwalimu. Wewe si ndiye mwali wa karatasi? Baba alikuwa akikutaja." Kisha akaniambia kwamba baba yake alisema mara nyingi, tena kwa kiapo, kwamba asubuhi moja kabla foleni haijajaa alimwita Shangazi pembeni akamwambia aichukue kanga kwa bei ya zamani, kimyakimya, yeye atajua la kufanya. Na Shangazi akakataa.

Punje za mchele zilinimwagika. Akakataa! Nilirudi Kibaha siku hiyo nikiwa nimeshika kichwa. Kama alikataa, basi hakutaka niende shule, na wasiwasi wangu wote wa utotoni ulikuwa wa kweli. Lakini kabla gari halijafika Mlandizi nilikuwa nimeshageuza: angekubalije kuuziwa kwa siri kile alichoahidiwa hadharani? Kwake ingekuwa ni kupewa sadaka. Halafu ikanijia ile sauti kubwa, "Mwali wangu atangoja Sabasaba!", kutoka kwa mwanamke ambaye hakuwa mpayukaji, anayeujua ule ukuta kuliko mimi, na nikajiuliza alikuwa anamwambia nani, Salumu au mimi. Shangazi alishatangulia zamani, siwezi kumwuliza. Juzi tu, kwenye duka kubwa la Maili Moja, kijana mbele yangu aligombana na mwenye mashine kwamba bei ya kwenye rafu siyo hii. Mashine, wakamwambia, ndiyo inayojua. Wakanigeukia mimi mzee niseme. Nikaanza kusema kwamba kila jambo lina pande mbili, na foleni yote ikanionea huruma.

Ninachokijua kwa hakika ni kimoja tu, nami nakiandika kama kilivyokuwa. Nilirudi likizo ya katikati ya mwaka, na asubuhi ya Sabasaba Shangazi aliniamsha, akaniambia nioge, nivae vizuri, twende dukani. Duka lilikuwa lilelile, nyuma ya ukuta wangu, lakini hakukubali tupite ndani. Tulitoka kwa mlango wa uani tukazunguka nyumba yote, tukaingia kwa mbele kama wateja, tukasimama kwenye foleni ya sukari. Doti ilikuwa tayari juu ya meza. Wino mwekundu ulikuwa umefifia. Bei, kwa wakati huo, ilikuwa imepanda tena.

"Nisomee," Shangazi akamwambia Salumu.

Salumu aliisogeza karatasi kwangu. "Asome msomi."

Nikasoma, kwa sauti, mbele ya wanaume wote waliokuwapo, mpaka tarakimu ya mwisho. Mtu wa nyuma akauliza, "Na sisi je, kwa bei hiyo?" Salumu akamwuliza, "Wewe una karatasi?" Shangazi akalipa, akaomba mkasi, akaikata kanga palepale juu ya meza. Kipande kimoja alijifunga yeye. Cha pili alinifunga mimi, juu ya gauni langu, akakaza fundo, akaninyoosha pindo mara mbili. Kisha akapiga kigelegele kirefu mlemle dukani, na wanawake wa foleni wakakipokea bila kujua ni cha nini.

"Sasa ndiyo umetoka, mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimeshamaliza muhula mzima shuleni, nimeshajua njia, bweni na kengele zake zote, na nililia kama aliyetolewa ndani siku hiyo.